Pedali ya So Ikae Upande Gani

Tarehe 9 Februari

Binamu Spana,

Nakusalimu wewe, mkeo, na yule binti yenu anayesomea ukunga. Sisi huku hatujambo. Mume wangu bado anasahihishia mitihani mezani pa chakula, kwa hiyo sahani tunazipakata. Mama yu mzima. Sikio la kushoto limezidi kuwa zito, lakini la kulia linasikia hata ambalo hujasema. Anakusalimu, na anakukumbusha kwamba marufuku ya simu iko palepale. Tangu siku ile tulipokatiana simu kwa sababu ya gitaa, ametaka tuandikiane tu. "Mtu akiandika," anasema, "anapata nafasi ya kuusoma upumbavu wake kabla haujaondoka nyumbani." Mimi nimejisoma na sijauona. Naendelea.

Gitaa la Mama limevunjika. Ule mhimili unaobeba pedali zote tatu umepasuka kama mfupa, palepale Mama alipouchomelea kwa mkono wake. Gitaa lile linalolazwa juu ya miguu minne kama meza, ambalo fundi cherehani mmoja, Mama huyuhuyu, alilitengeneza kwa ubao wa mlango, vyuma vya cherehani mbili mbovu na kiburi, sasa limelala kitandani kwangu halina pedali wala nyenzo za kusukumwa kwa goti. Mimi na mume wangu tumehamia chumba cha wageni.

Sehemu yote ya chini nimeifungua, mhimili, pedali, fito zinazovuta nyuzi na nyenzo, nikaituma kwako kwa gari la mizigo. Mafundi huku wapo wawili. Mmoja ni wa baiskeli, wa pili ni mwongo. Wewe ni fundi wa lifti, una mashine ya kuchomelea, na umelelewa na Mama kama mimi.

Haraka yangu ni hii. Mwezi wa sita watu wa redio watakuja ukumbini kurekodi wimbo wa Mama. Bendi tatu zimeupiga wimbo ule kwa miaka, kila moja ikijitia imeutunga. Safari hii utatangazwa kwa jina lake, naye atakuwa amekaa palepale akiusikiliza kwa sikio alilobakiwa nalo. Nitaupiga mimi. Siendi mbele ya maikrofoni na gitaa linalochechemea.

Kwa hiyo chomelea, nyoosha, kisha ufunge pedali kwa mpangilio wa Mama. Nakukumbusha, maana watu wa lifti hujua mambo mawili tu, kupanda na kushuka. Pedali ya so inauvuta uzi wa so mpaka unakuwa la. Pedali ya mi inauvuta uzi wa mi mpaka unakuwa fa. Ukizikanyaga zote mbili kwa mguu mmoja, sauti zote zinahama nyumba pamoja, na mkono ulioshika chuma juu ya nyuzi haujasogea hata unywele. Kisha ukiulaza mguu upande mmoja ukaiachia pedali moja, hapo ndipo wimbo wa Mama unapolia. Mi ikae katikati. So ikae kulia kwake. Ya tatu ikae kushoto. Hivyo ndivyo alivyopiga Mama, hivyo ndivyo ninavyopiga mimi, na hivyo ndivyo watakavyopiga wenye akili watakaozaliwa.

Bado unapiga pale hotelini Jumamosi? Umeacha kunisimulia.

Binamu yako,
Sindano

*

Tarehe 2 Machi

Binamu Sindano,

Salamu zimefika, mzigo umefika, na majigambo yamefika bila hata mkwaruzo. Naona uliyafunga vizuri kuliko vyuma. Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu na anakuomba usinichokoze, kwa sababu presha yangu inapanda nikiona tu mwandiko wako kwenye bahasha. Binti yetu amezalisha mapacha mbele ya wakunga wakubwa waliokuwa wamekunja mikono wakisubiri akosee. Hakukosea. Amerudi nyumbani anatembea kama spika wa bunge. Ugonjwa huo katika ukoo wetu hauna dawa, na sijawahi kumwona mtu akiutafutia.

Mhimili nimeuona. Mwambie Shangazi kwamba alichomelea vizuri. Kilichochoka ni chuma. Mshono wake bado umeshika.

Sasa hili la "mpangilio wa Mama". Niliposoma sentensi ile niliweka barua chini nikaenda kunywa maji. Shangazi alikuwa anaweka so kushoto. Kushoto, Sindano. Ukingo wa nje wa mguu unakanyaga so, ukingo wa ndani unakanyaga mi, na ukitaka so peke yake unaulaza mguu nje, kama mtu anayeegemea mlango akiongea na jirani. Ninyi mnaoweka so kulia mnaulaza mguu ndani, kama mtu aliyebanwa na choo kiko mbali.

Utaniambia vyuma vilipofika kwangu vilikuwa na so kulia. Naviona, viko mezani kwangu, sijapofuka. Nakuambia tu kwamba gitaa ni chuma, na chuma hukubali popote kinapofungwa. Tatizo lako ni kusoma sana. Mtu akisoma vitabu vingi hufika mahali akaanza kumsahihisha hata mama aliyemzaa.

Msimamo wangu ni huu. Nitachomelea, nitanyoosha, nitapaka grisi. Lakini sifungi pedali hata moja mpaka umuulize Shangazi mwenyewe. Yuko chumba cha pili. Fungua mlango, muulize, uniandikie jibu lake neno kwa neno.

Hotelini wamebadilisha mazulia.

Wako,
Spana

*

Tarehe 17 Machi

Binamu Spana,

Hongera ya mapacha. Mpe mkunga mkono kwa niaba yangu, na mwambie asiuinamishe uso mbele ya mtu. Sisi wazima, ila Mama ana mafua. Kwa hiyo hajaulizwa. Wiki iliyopita alikuwa na wageni, na huwezi kumuuliza mtu habari za miguu yake mbele ya wageni. Jumapili alilala mchana. Nitamuuliza wakati utakapofaa, na anayejua wakati unaofaa ni mimi ninayeishi naye.

Sikuuliza habari za mazulia.

Kwa sasa pokea hoja, kwa kuwa wewe huna, na unaona haya kukaa mikono mitupu. Mguu wa binadamu una nguvu upande wa dole gumba. Dole gumba ndilo linalotusukuma tukitembea, ndilo linalotushika tukipanda ngazi. So ndiyo inayofanya kazi kubwa katika wimbo wa Mama. Kwa nini basi kazi hiyo kipewe kidole cha mwisho, kile ambacho tangu kuumbwa kwake hakijafanya jambo lolote ila kujigonga kwenye miguu ya meza? Jibu hilo, kisha urudi kwenye milango unayoiegemea.

Huku napigana vita ya pili. Mpiga kinanda wa bendi anataka nilinganishe kila uzi kwa mashine, taa ikiwaka kijani basi, yamekwisha. Nimemweleza kwamba mi ya mashine inakaa juu mno kidogo, na ukiipiga pamoja na do inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Mama huilinganisha mi kwa sikio. Anaishusha taratibu mpaka mtetemo unakwisha na sauti mbili zinatulia kama maji ndani ya ndoo. Yule bwana akaniambia, "Dada, mashine haidanganyi." Nikamwambia hata jiwe halidanganyi, ila hakuna anayeliuliza habari za muziki. Nimeandika makala gazetini juu ya jambo hilo. Sikumtaja. Niliandika tu "yule mwenye kofia", naye sasa anakuja mazoezini kichwa wazi.

Tumeafikiana hivi: mi yangu itashuka, na yeye pale penye mi atainua kidole asiipige. Usiiite suluhu. Amesalimu amri.

Fito nazisubiri. Usiponifungia pedali nitampa yule wa baiskeli.

Sindano

*

Tarehe 20 Aprili

Binamu Sindano,

Tumezipokea salamu. Kwangu wote wazima. Barua yako imekaa mezani muda mrefu kwa sababu kazi zilikuwa nyingi, na kwa sababu nyingine.

Mhimili nimeutengeneza upya kwa chuma kizito zaidi. Kile cha Shangazi nimekiweka pembeni, sitakitupa. Fito nimezinyoosha, springi mbili nimebadilisha. Ndani ya sanduku utakuta pia chuma cha pembe. Kifunge chini ya ubao, urefu wote. Unajua kwamba ukizikanyaga so na mi pamoja, nyuzi zinavuta, ule ubao wa mlango unapinda kidogo, na do ambayo hujaigusa inashuka. Chuma hicho kitauzuia. Do itashuka bado, lakini kwa kiasi ambacho sikio lako litavumilia, ingawa mdomo hautavumilia.

Kabla ya kufunga sanduku niliziweka pedali zote kwenye gitaa langu, nikapiga magoti nikazikandamiza kwa kiganja, moja moja, kisha mbilimbili. Zinashuka sawa na zinarudi sawa.

Umegoma kuuliza, kwa hiyo nimejijibu mwenyewe. So nimeifunga kushoto, na nyenzo za goti nimezigeuza ziifuate. Huo ndio mpangilio wa Shangazi. Ujifunze. Miezi miwili inakutosha, kama kweli una akili unazoziandikia gazetini.

Spana

*

Tarehe 8 Mei

Binamu Spana,

Salamu kwa wote. Mume wangu amemaliza mitihani na meza imekuwa meza tena. Mama amepona mafua. Mimi naandika mguu ukiwa juu ya kiti, na nitakueleza kwa nini, ingawa utafurahi.

Sanduku lilifika salama. Kazi ya kuchomelea ni nzuri, na ningeisifu zaidi kama isingekuwa yako. Nilikaa, nikakanyaga, na mguu wangu wa miaka arobaini ukaenda kwenye so ukakuta pedali ya tatu. Nilijaribu siku nzima. Ilikuwa kama kuingia nyumbani kwangu nikute mtu amehamisha milango. Nikamwita fundi wa baiskeli akazigeuza pedali, so ikarudi kulia.

Yule bwana aligeuza pedali, hakugeuza nyenzo za goti. Na mimi kwa hasira sikutazama. Unajua maana yake. Katikati ya wimbo kuna mahali pa kuishikilia so kwa mguu huku goti linausukuma wenzo unaoipandisha do nusu. Mguu ukienda kulia, goti nalo liende kulia, ndipo vitu viwili vinakuwa mwendo mmoja. Sasa mguu wangu ulikwenda kulia na goti likatakiwa kwenda kushoto. Nilijikamua kama nguo iliyofuliwa. Kifundo kimevimba. Watu wa redio wameuliza kama tuahirishe, nikawaambia wameniuliza swali la matusi.

Lakini tarehe inakuja, na kwa gitaa lilivyo sasa siwezi kuupiga wimbo wa Mama mpaka mwisho. Hilo naliandika mara moja tu.

Nimemuuliza Mama. Neno kwa neno, kama ulivyodai. Alisema: "Mimi nilishona nguo, sikushona sheria. Kila mtu akanyage panapomtii." Nikamwambia Spana hatatosheka na jibu hilo. Basi akavua ndala, akaweka mguu wa kushoto sakafuni, akafumba macho, akaanza kuupiga wimbo wake palepale, bila gitaa, akivuma kidogo kwa pua. Niliutazama mguu wake. Halafu nikaenda jikoni kuchemsha maji. Hatukuwa na haja ya maji ya moto. Sina la kuongeza juu ya suala hilo.

Sasa zamu yako. Uliandika kwamba ulipiga magoti ukazikandamiza pedali kwa kiganja. Mtu mwenye gitaa, mwenye kigoda na mwenye mguu, hukaa akakanyaga. Nilikuuliza kuhusu hoteli ukaniletea mazulia. Mguu wako una nini?

Sindano

*

Tarehe 19 Mei

Binamu,

Pole ya kifundo. Fundi wa baiskeli asamehewe, amezoea pedali zinazozunguka. Nyumbani wazima, na mke wangu amesoma barua yako kabla yangu, akasema, "Haya, mwambie." Basi nakuambia yote mawili.

La kwanza. Najua ulichokiona kabla ya kwenda kuchemsha maji. So kushoto. Sikuandikii kukucheka, nilicheka kwanza, nikamaliza, ndipo nikashika kalamu. Unakumbuka tulivyojifunza. Gitaa lilikuwa la kutafutia mkate, watoto hawakuligusa, kwa hiyo tulichora pedali kwa chaki sakafuni tukawa tunakanyaga chaki. Mimi nilikuwa nyuma ya Shangazi, kwenye meza ya kupigia pasi. Wewe ulikuwa unakaa chini mbele yake, ukishona vifungo, ukiitazama miguu yake kwa chini ya gitaa. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwako. Ulichora ulivyoona, na ulivyoona ndivyo ulivyokanyaga. Tulipokuwa wakubwa ulimtazama mikono, kama watu wote.

Mwaka aliokuachia gitaa, alikuwa ameshakuona unavyokanyaga. Hakukuambia kitu. Alifungua fito akakugeuzia pedali na nyenzo za goti kabla hujakaa. Mimi ndiye niliyemshikia spana. Akaniambia, "Ukimwambia, nitakushona mdomo, na uzi ninao." Ndiyo maana nilikuwa nakutuma kwake. Sikuwa na ruhusa ya kusema, na ulipokaa pale ukapiga kinyume, ulipiga vizuri kuliko mimi niliyekuwa sahihi. Hilo mpaka leo sijalimeza.

La pili. Mwaka jana nikiwa chini kwenye shimo la lifti, uzito unaoisawazisha lifti ulinishukia mguuni. Kifundo cha kushoto sasa kimefungwa vyuma na skrubu. Mguu unatembea, unasukuma, lakini haulali nje wala ndani. Kwa pedali za so na mi, ama nazikanyaga zote mbili ama sikanyagi yoyote. Hotelini niliacha. Usinipe pole, nimepewa na watu wengi na hakuna hata moja iliyonifaa.

Sasa unajua kwa nini nilitaka ujifunze so kushoto. Wewe unapiga kwa mpangilio wako, mimi siwezi tena kupiga kwa wangu. Basi ule mguu wa Shangazi unavyolala nje hautaonekana tena popote duniani. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma, Sindano. Dole gumba lako halikuninyima usingizi.

Lakini wimbo wa Shangazi si mahali pa kujifunzia kutembea upya. Ndani ya sanduku hili kuna nyenzo za goti nilizozikata upya kwa mpangilio wako, goti lisukume kulia mguu ukienda kulia. Sikumwachia yule wa baiskeli hata skrubu moja ya kufikiria. Zifunge, upige unavyojua wewe, na usimwonee haya mtu.

Spana

*

Tarehe 24 Juni

Binamu Spana,

Salamu kwako, kwa mkeo mwenye busara ya kusoma barua za watu, na kwa mkunga. Sisi wazima kupita kiasi. Sikupi pole. Umekataza, na isitoshe nimekasirika. Mwaka mzima umekaa kimya na mguu wako kama mwizi na kuku ndani ya koti.

Tumerekodi. Nyenzo zako zilikaa kama meno kinywani. Niliilinganisha mi kwa sikio mbele ya watu wote, taratibu, na fundi mitambo wa redio akaja kuniuliza kama gitaa lina hitilafu. Nikamwambia asubiri. Nilipoipiga pamoja na do, akarudi kwenye mashine zake. Mpiga kinanda aliinua kidole pale tulipopatana. Hata nitamwandikia makala nyingine, ya kumsifu, kama nikikosa mada.

Mama walimwekea kiti mbele yangu, karibu, ili sikio la kulia lielekee kwenye gitaa. Sikuwa nimepanga kumtazama. Lakini palepale wimbo unapolia, mguu wangu ulipolala kulia, niliona ndala yake chini ya kiti inalala kushoto. Tulikuwa tumeelekeana, kwa hiyo miguu yetu ilikuwa inaelekea ukuta mmoja. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo, yeye kwake na mimi kwangu, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Mtangazaji akasoma jina lake lote, matatu kamili. Mama akasema, "Arudie, upande ule hawakusikia." Akarudia.

Nimekubali kwamba nilijifunza kinyume. Naliandika kwa kichwa kilichoinuka, maana nimelipiga kosa hilo miaka arobaini bila aibu, na kosa likilelewa hivyo huwa na haki zake.

Sasa wewe. Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema mhunzi aende kukaa hotelini akihesabu mazulia. Mguu wa kulia unao, haujafungwa skrubu, na kwa miaka yote kazi yake imekuwa kupandisha na kushusha sauti tu kwa ile pedali ya pembeni, kazi ya lifti. Badilisha zamu. Pedali ya sauti iweke chini ya mguu wa kushoto. Umesema unasukuma, basi usukume. Pedali zote tatu na nyenzo zisogeze ziwe mbele ya mguu wa kulia.

Na so iweke upande gani? Keti kabla ya kusoma. Ukiiweka kushoto ulivyozoea, mguu wa kulia utaikanyaga kwa ukingo wa ndani, kama mimi, kama mtu aliyebanwa na choo kiko mbali. Lakini ukiiweka kulia, ukingo wa nje utakanyaga so, ukingo wa ndani utakanyaga mi, na ukitaka so peke yake utaulaza mguu nje, ukiegemea mlango wako, sawasawa na Mama. Goti nalo litasukuma nje kama lake. Ule mguu unaoulilia haujapotea. Umevaa kiatu cha pili.

Yaani, Binamu mpendwa, ili kuuokoa mguu wa Mama huna budi kufunga pedali kwa mpangilio wangu. Nimeirudia sentensi hiyo kwa sauti mara kadhaa, mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nilimsomea Mama, naye akasema tu, "Mwambie asichelewe."

Sindano

*

Tarehe 30 Julai

Binamu Sindano,

Salamu. Wazima wote.

Nimegeuza.

Barua yako niliificha kwanza, nikaisoma tena, nikaificha. Nilitafuta kosa katika hesabu yako kwa muda ambao fundi wa lifti huutumia kukagua jengo la ghorofa kumi. Sikulipata, na nilikuwa na nia kweli ya kulipata.

Mguu wa kulia ni mwanafunzi mzito. Mbali na pedali ya sauti, ulichokuwa unajua ni breki ya gari tu, kwa hiyo kila ukiona pedali unakanyaga kwa hofu. Wiki za mwanzo nyuzi zililia vibaya mpaka mke wangu akawa anafunga mlango kwa upole, na upole wake unauma kuliko kuubamiza. Goti lilikuwa linakwenda lake na mguu unakwenda wake, kama ndugu wawili ninaowafahamu. Mi nimeishusha kwa sikio, wala sikuigusa mashine. Usidhani ni kwa sababu ya makala yako. Nilikuwa nafanya hivyo kabla hujajua kuandika.

Jana nilikuwa napiga huku nawaza springi ya lifti ya benki, na nikashtukia mguu umelala nje wenyewe. So ikasimama peke yake. Mke wangu alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama mlangoni. Hakufunga. Akasema, "Huyo ni Shangazi." Nikamwambia apite, nguo zitachacha.

Hotelini nimewaambia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Wameuliza kama nina uhakika, nikawajibu kama ulivyowajibu watu wa redio. Njooni wote. Shangazi akae mbele, akae nyuma, popote anapoona vizuri. Wewe kiti chako nimeshakipanga. Utakaa nyuma yangu, mara moja katika maisha yako, uone mambo yalivyo.

Binamu yako,
Spana